Rutherfodini, jiwe la njano la Uluguru: maswali ninayoulizwa kila mara Arusha

Arusha ni mji wa mawe. Ukikaa mezani na lupu (lenzi ya kukuzia) na tochi, haipiti wiki bila mtu kuja na jiwe la njano kwenye karatasi, anainama, ananong'ona: "Mzee, hii si ndiyo urani?" Nimejibu mara nyingi kiasi kwamba majibu nimeona bora niyaandike. Wengi huanza na bei. Mimi naanza na jiwe lenyewe, maana ukilijua jiwe, suala la bei litajijibu.

Rutherfodini nimeichagua kwa sababu moja: katika madini yote ya njano ya urani, hii ndiyo iliyotambuliwa duniani kwa mara ya kwanza kutoka kwenye ardhi yetu, na ni wachache sana nchini wanaolijua hilo.

## Mambo ya mwanzo

1. Rutherfodini ni nini?

Ni madini adimu ya urani yenye fomula UO₂CO₃. Ukiisoma taratibu utaona ni ya urahisi wa ajabu: urani na oksijeni upande mmoja, kaboneti (kaboni na oksijeni zilizoshikana) upande wa pili, basi. Hakuna maji ndani yake, hakuna shaba, hakuna kalisi, hakuna fosfeti, vitu ambavyo vimejaa katika madini mengine ya njano na kijani ya urani.

Kwa uzito, karibu asilimia 72 ya rutherfodini safi ni urani. Lakini usipige hesabu za kilo. Huwa inapatikana kama utando, unga ulioshikana, au vishada vya sindano nyembamba juu ya madini mengine.

2. Wanaposema "madini ya upili" wana maana gani?

Fikiria panga jipya uliloliacha nje mvua zote za masika. Chuma ndicho cha kwanza, kutu ndiyo ya pili. Kwa urani, cha kwanza ni uraniniti, jiwe jeusi zito linalozaliwa chini kwenye joto kali. Miamba ya juu inapomomonyoka, uraniniti inasogea karibu na uso wa ardhi na kukutana na hewa na maji. Hapo urani inaungana na oksijeni zaidi, inayeyuka, inasafiri na maji, kisha inashikana na chochote inachokikuta njiani.

Ikikuta shaba na fosfeti, inakuwa torberniti ya kijani. Kalisi na fosfeti zinatoa otuniti. Silika na kalisi, uranofani. Vanadi na potasi, karnotiti. Na ikikuta hewa ukaa tu, bila mwingine wa kuivuta, inakuwa rutherfodini.

3. Kama hewa ukaa iko kila mahali, kwa nini jiwe hili ni adimu?

Kwa sababu hewa ukaa ya kawaida haitoshi. Inahitajika nyingi, ndani ya maji yenye asidi kidogo. Maji yakiwa na magadi mengi, kaboneti haiishikilii urani mahali pamoja. Huibeba ikaondoka nayo. Fosfeti, silika au vanadi zikiwepo, mara nyingi zinawahi kuichukua urani. Na lazima pawe na uraniniti ya kuoza, ambayo nayo haiko kila kilima.

Udongo wenye mboji na mizizi mingi una hewa ukaa nyingi kuliko iliyo juu angani. Aliyetembea misitu ya Uluguru baada ya mvua anaujua udongo huo: mweusi, laini, unanukia majani yanayooza.

4. Jina hili limetoka wapi, na linatamkwaje?

Limetokana na Ernest Rutherford, mwanafizikia aliyezaliwa New Zealand mwaka 1871. Jiwe lilipopewa jina lake mwaka 1906 alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, na tuzo yake ya Nobel ya kemia ilikuja mwaka 1908. Hapa kwetu mezani tunatamka "radhafodini".

Usiichanganye na rutherfodiamu. Hiyo ni elementi ya 104, hutengenezwa maabara atomu chache kwa wakati na kutoweka. Jina ni la mtu yuleyule, lakini vitu viwili tofauti kabisa.

## Inapatikana wapi

5. Iligunduliwa wapi hasa?

Milima ya Uluguru, Morogoro. Wakati wa Wajerumani, Uluguru ilikuwa inachimbwa ulanga, yale madini ya kung'aa yanayobanduka karatasi kwa karatasi. Ulanga mkubwa hukaa kwenye pegmatiti, yaani mishipa ya mwamba yenye fuwele kubwa za feldspa, kwatzi na ulanga. Humo humo kwenye machimbo wachimbaji walikutana na fuwele nyeusi nzito za uraniniti, na baadhi zilikuwa zimevaa koti la njano.

Sampuli zilifika Berlin kwa mwanakemia Willy Marckwald. Mwaka 1906 alichapisha taarifa kwamba lile koti la njano ni kaboneti ya urani ambayo haijawahi kuelezwa, akaipa jina la Rutherford. Mwaka huo huo vita vya Majimaji vilikuwa bado vinapiganwa. Nikilisoma jina la Morogoro katika maandishi ya kisayansi ya enzi zile huwa nafikiria mikono iliyolibeba jiwe lile kutoka mlimani hadi pwani. Hakuna aliyeandika majina yao.

Mahali ambapo sampuli ya kwanza ya madini ilitoka huwa na heshima yake ya kudumu. Kwa rutherfodini, heshima hiyo ni ya Uluguru.

6. Nimesikia jiwe la Morogoro lilisaidia kuthibitisha isotopu. Ni kweli?

Ni kweli, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Mwaka 1913 Frederick Soddy alitoa neno "isotopu": kwamba elementi moja inaweza kuwa na atomu za uzito tofauti zenye tabia ileile ya kikemia. Lilikuwa wazo zuri, lakini lilihitaji ushahidi. Urani ikivunjikavunjika mwishowe inageuka risasi. Kwa hiyo swali likawa: je, risasi iliyozaliwa na urani ina uzito sawa na risasi ya kawaida?

Vienna, Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz walichukua mawe ya urani, wakaitoa risasi iliyomo, wakaisafisha tena na tena, kisha wakaipima. Risasi ya kawaida ilikuwa na uzito wa atomu wa karibu 207.2. Waliyoitoa kwenye pichiblendi (uraniniti ya mabonge) ya Joachimsthal, huko Bohemia, ilisoma takriban 206.7. Tofauti ilionekana, ila jiwe lile lilikuwa limechanganyika na risasi ya kawaida. Ndipo wakapima fuwele za uraniniti kutoka Morogoro, zilizokuwa safi zaidi. Zikasoma 206.046. Karibu kabisa na 206 kamili, kama nadharia ilivyodai.

Hiyo ni miaka ya 1914 na 1915. Risasi mbili, kemia moja, uzito mbalimbali. Wachunguzi wengine nao, Marekani kwa mfano, walipata majibu ya aina hiyo, lakini jiwe letu ndilo lililotoa namba safi namna ile. Horovitz, mama aliyeifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo ya subira, alikuwa Myahudi mzaliwa wa Warsaw, na aliuawa na Wanazi kambini Treblinka. Mimi naona jina lake lingestahili kufundishwa Morogoro.

7. Zaidi ya Uluguru, iko wapi tena duniani?

Mashuhuri kuliko zote ni Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza mabomu ya Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Fuwele nzuri za rutherfodini zimetoka pale. Pia imepatikana kwenye pegmatiti za kaskazini-mashariki mwa Marekani, majimbo ya Maine na New Hampshire, katika mazingira yanayofanana na ya Uluguru: uraniniti inayooza ndani ya mshipa wenye ulanga. Kuna sehemu nyingine kadhaa, kila moja kidogo kidogo.

8. Je, iko Kilimanjaro, Meru au Oldonyo Lengai?

Hapana sababu ya kuitegemea huko. Hiyo ni milima ya volkano, michanga kwa hesabu za jiolojia. Meru ulitoa moto mara ya mwisho mwaka 1910, na Lengai bado anatema. Rutherfodini inataka pegmatiti kongwe yenye uraniniti.

Wengine wananiambia: "Lakini Lengai ni kaboneti tupu!" Ni kweli, lava ya Lengai ni ya kaboneti, tena ya kipekee duniani. Ila ni kaboneti za sodiamu, kalisi na potasi. Kaboneti ni ukoo mkubwa. Chokaa na magadi nao ni kaboneti. Kuwa na ukoo mmoja hakumaanishi kuzaliwa nyumba moja.

9. Na Mirerani je? Tanzanaiti ina mionzi?

Mirerani na Uluguru ziko kwenye ukanda mmoja wa miamba mikongwe unaoitwa Ukanda wa Msumbiji, kwa hiyo swali lina mantiki. Lakini ukanda huo ni mrefu kupita nchi kadhaa, na mwamba hubadilika kila hatua. Tanzanaiti ni zoisiti iliyotiwa rangi na vanadi, na rangi ya bluu huletwa na joto tu. Vaa pete yako bila wasiwasi.

10. Minjingu wanasema kuna urani. Ndiyo hii?

Minjingu, pale karibu na Ziwa Manyara kwenye barabara ya Babati, ni fosfeti iliyotokana na kinyesi cha ndege na mabaki ya samaki wa ziwa la kale. Fosfeti ina tabia ya kushika urani, na ile ya Minjingu ina urani zaidi ya miamba ya kawaida. Lakini urani hiyo imejificha ndani ya fosfeti yenyewe. Hutaona jiwe la njano ukaliokota. Na kama nilivyosema kwenye swali la 3, palipo na fosfeti rutherfodini haipati nafasi.

11. Na Namtumbo, Bahi, Manyoni?

Hizo ni akiba za urani za aina nyingine. Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, urani iko kwenye mchangatope na mawe mchanga ya Karoo, tabaka za miamba ya kale. Mwaka 2012 UNESCO iliridhia mpaka wa pori la Selous urekebishwe kwa ajili ya mradi huo. Bahi na Manyoni urani iko juujuu, kwenye mabwawa ya msimu na udongo wa chokaa, na jamii inayotajwa huko ni ya karnotiti, njano kali kama manjano ya kupikia. Mtu akikuletea jiwe la njano "la Dodoma" na likawa kweli la urani, fikiria karnotiti kabla ya rutherfodini.

## Kuitambua

12. Inaonekanaje kwa macho?

Njano iliyofifia, rangi ya majani makavu, pengine karibu nyeupe, pengine hudhurungi au yenye kijani kwa mbali. Fuwele zikionekana ni vipande vyembamba virefu au nyuzi zilizotawanyika kama miali. Ni nzito kwa ukubwa wake: fuwele safi inakaribia gramu 5.7 kwa sentimita moja ya ujazo, wakati kwatzi ni 2.65. Ikiguswa na asidi inachemka na kuyeyuka kama kaboneti nyingine, lakini jaribio hilo waachie maabara, maana kinachobaki kwenye kimiminika ni urani.

Kwa macho peke yake hakuna anayeweza kuapa. Hata wataalamu huihakikisha kwa eksirei.

13. Nimepata jiwe la njano. Nitajuaje kama ni yenyewe?

Karibu kila mara siyo. Nikueleze lililotokea mezani kwangu.

Kijana mmoja dalali alikuja, "Shikamoo mzee, nimekuletea mzigo." Akatoa kasha la kiberiti, akalifungua taratibu. Ndani pamba, ndani ya pamba kijiwe cha njano safi, saizi ya harage. Akasema amekipata kwa mpagazi wa mlimani. Nikamwambia, "Mdogo wangu, weka mezani, usishike tena." Nikakisogelea kwa kipima mionzi: kimya, namba ileile ya chumba. Ndipo nikakiinua. Chepesi mno. Nikakikwaruza kwa ukucha, kikaacha unga. Nikasikia ile harufu. Kilikuwa salfa, ambayo kwa Kiswahili jina lake la zamani ni kiberiti. Kule juu Kibo, kwenye kreta ya Reusch, mvuke bado unatoka na salfa inaganda pembeni. Alikuwa amebeba kiberiti ndani ya kasha la kiberiti, na alikuwa ameshakopa nauli akitegemea kukiuza.

Mengine yanayoletwa sana: udongo wa chuma ulioiva njano, sitrini (kwatzi ya njano), kalsaiti ya njano, hata vipande vya vigae. Fuata mpangilio huu: kwanza kipimo cha mionzi, kisha mkono. Usianze na mkono.

14. Inang'aa gizani?

Haing'ai yenyewe. Otuniti chini ya taa ya zambarauzaidi hung'aa kijani hadi unashangaa, na ndiyo iliyowafanya watu waamini urani yote inang'aa. Rutherfodini haiaminiki kwa taa hiyo. Na vitu vingi visivyo na mionzi hata kidogo vinang'aa, ikiwemo rubi.

15. Kuna anayeniambia ya kweli inazima simu au inageuza sindano ya dira.

Huo ni utapeli. Mionzi ya jiwe la urani haiwezi kukata mtandao wa simu wala kuvuta dira. Ukiona onyesho la namna hiyo, simu imeandaliwa au sumaku imefichwa. Ondoka.

## Mionzi na afya

16. Ina hatari kiasi gani?

Gramu moja ya rutherfodini safi ina urani-238 ya kutosha kiasi kwamba karibu atomu 9,000 huvunjika kila sekunde, bila kuhesabu watoto wake, yaani elementi zinazozaliwa urani inapovunjika. Inasikika ya kutisha, lakini mionzi mingi inayotoka ni alfa, inayozuiwa na karatasi moja au ngozi yako ya nje. Kijipande kilicho ndani ya kasha, rafuni, hatua tatu kutoka kwako, hakitakudhuru.

Hatari iko mahali pawili. Mahali pa kwanza ni ndani ya mwili: vumbi ukilivuta au kulimeza, alfa haina karatasi tena ya kuizuia, inapiga seli moja kwa moja. Pia urani ni sumu kwa figo kama zilivyo metali nyingine nzito, mbali kabisa na mionzi. Mahali pa pili ni radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka kwenye mawe ya urani. Nusu maisha yake, yaani muda wa nusu yake kuvunjika, ni siku 3.8, muda wa kutosha kujaa chumba kilichofungwa, na kuivuta kwa miaka huongeza hatari ya saratani ya mapafu.

Kwa hiyo: usilikate, usilisage, usilipige brashi kavu, usilale nalo chumba kimoja, nawa mikono kwa sabuni, na lisikae mfukoni. Mfukoni ni karibu na viungo vya uzazi, na umbali ndio ngao rahisi kuliko zote. Ukiuzidisha umbali mara mbili, mionzi inashuka hadi robo.

17. Sisi madalali tunalamba jiwe kuona rangi. Kuna tatizo?

Kuna tatizo kubwa, nakuomba uache. Najua ilivyo: jiwe lina vumbi, maji hakuna, unaligusisha ulimini au unalipaka mate, rangi inafunguka. Wengine huficha jiwe shavuni likivuka getini. Kwa tanzanaiti umelamba uchafu tu. Kwa jiwe la njano au kijani usilolijua umejipa urani mdomoni, na kaboneti ya urani huyeyuka kirahisi kuliko uraniniti nyeusi. Beba chupa ndogo ya maji. Gharama yake ni ndogo mno.

18. Meno ya kahawia ya watu wa Arusha na Meru yanasababishwa na mionzi?

Hapana. Ni floridi kwenye maji, inayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na chemchemi nyingi kuzunguka Meru zinapita hapo. Kituo cha Ngurdoto kimeonyesha jinsi mkaa wa mifupa unavyoweza kuipunguza. Ni jambo zito lakini halihusiani na urani.

19. Inaweza kulipuka? Mtu anaweza kutengeneza bomu?

Jiwe halilipuki, hata ulirundike. Urani ya asili ina asilimia 0.7 tu ya urani-235, na kuikusanya hiyo hadi kiwango cha silaha ni kazi ya mataifa yenye viwanda vikubwa.

## Sheria na biashara

20. Naweza kuchimba, kuuza au kusafirisha?

Usifanye bila kibali. Leseni ya udalali peke yake haitoshi kwa madini ya mionzi. Chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003, kumiliki, kuingiza au kutoa nchini vitu vya mionzi kunasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na kwa bahati yetu maabara zake ziko hapa hapa Njiro. Upande wa uchimbaji ni Tume ya Madini. Anayekuambia "tutapitisha kimya kimya" anakupeleka gerezani.

21. Basi bei yake ni shilingi ngapi?

Kama mafuta ya nishati, haina soko. Hakuna kinu cha nyuklia kinachonunua urani kwa vijipande kutoka mfukoni mwa mtu. Kama kito, hailingani na kazi hiyo: ni laini, ni unga, ina mionzi. Walio na haja nayo ni makumbusho, vyuo na wakusanyaji wachache wenye vibali, na wao wanachonunua ni historia ya sampuli: imetoka wapi, nani aliitambua, lini. Jiwe lisilo na karatasi kwao ni unga wa njano tu.

22. Wanasema kuna mnunuzi wa "urani na zebaki nyekundu", anataka nitangulize pesa ya kipimo.

Zebaki nyekundu kama inavyosimuliwa haipo. Na mnunuzi wa kweli hakudai wewe pesa ya kupima. Nimewaona watu wazima, wenye familia, wakiuza shamba kwa ajili ya hadithi hii. Tafadhali mwonyeshe mzazi wako au kaka yako swali hili kabla hajatoa hata senti.

23. Baba alikuwa fundi wa machimbo, amefariki, na kwenye sanduku lake kuna mawe ya njano na meusi mazito.

Poleni kwa msiba. Msiyapige nyundo wala kuyaosha kwenye karai la vyombo. Fungueni madirisha, watoto wasisogee, kisha wasilianeni na Tume ya Nguvu za Atomiki waje wapime. Kama kuna karatasi au daftari lenye majina ya sehemu, lihifadhini pamoja na mawe. Katika masanduku ya namna hii daftari mara nyingine lina thamani kuliko kilicho chini yake.

## Maswali ya waliozama zaidi

24. Diderichiti ni kitu gani?

Ni rutherfodini iliyobatizwa mara mbili. Mwaka 1947 jiwe kutoka Shinkolobwe lilielezwa kama madini mapya kwa jina hilo. Katikati ya miaka ya 1950 wachunguzi wa Marekani walipolilinganisha na la Uluguru kwa eksirei, wakakuta ni kitu kimoja. Jina la 1906 likabaki. Ukiona lebo ya zamani yenye diderichiti, soma rutherfodini. Kaboneti nyingine za urani zenye maji ndani, kama joliotiti na blatoniti, ni madini yanayojitegemea.

25. Fuwele yake imepangwaje?

Kwa tabaka, kama kurasa. Urani imeshikwa katikati ya oksijeni mbili, moja juu na moja chini, na kuizunguka pembeni kuna kaboneti zinazounganisha jirani na jirani. Muundo huo ulitatuliwa mwaka 1955.

26. Kwa nini kipimo changu kinasoma kidogo kwenye sampuli ya upili kuliko kwenye uraniniti?

Kwa sababu gama (mionzi inayopenya mbali) nyingi unayoisikia haitoki kwa urani yenyewe. Inatoka kwa watoto wake walio chini ya radiamu katika mnyororo wa kuvunjika. Urani ilipoyeyuka na kusafiri, radiamu iliachwa nyuma. Madini mapya yanaanza familia upya, na radiamu inahitaji muda mrefu sana kurudi kwenye kiwango chake. Sampuli ya upili ikiwa changa, kipima mionzi kinaweza kukudanganya ukadhani urani ni kidogo. Ikikaa juu ya uraniniti, kama zile za Uluguru, unapima mama na mtoto pamoja.

27. Mionzi yake itaisha lini?

Nusu maisha ya urani-238 ni miaka bilioni 4.47, karibu na umri wa dunia. Rutherfodini yenyewe itasombwa na maji zamani kabla ya hapo.

28. Mimi ni mwanafunzi wa jiolojia. Kuna faida gani kulisoma jiwe dogo namna hii?

Urani ikishikana na kaboneti ndani ya maji inasafiri mbali. Ndivyo akiba za urani zinavyohama na kujikusanya, na ndivyo uchafu wa mgodi unavyoweza kufika kisimani. Nchi inayofungua urani Namtumbo inahitaji vijana wanaojua kemia hii kwa undani, wakipima maji kabla ya mgodi, wakati wa mgodi na baada yake.

Anza na miamba. Nenda Kituo cha Jemolojia hapa Arusha ujifunze kushika lupu vizuri, kisha waombe Dodoma, Taasisi ya Jiolojia, ramani za Uluguru. Na ukipanda Uluguru ukakuta mshipa wa zamani wa ulanga, kurasa za jiwe zikimetameta kwenye tope la njia, simama uangalie pembeni yake. Mtu fulani, zaidi ya miaka 100 iliyopita, alisimama mahali kama hapo akaona jiwe jeusi lenye koti la njano.